Chumba na sebule, sasa tupo watano na mama mkwe: nitoe nini, niache nini?

mama_wawili

Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo, hasa ya watu wanaoishi nyumba za kupanga kama mimi, wasio na stoo wala gereji ya kusogezea vitu.

Tunakaa Tabata, chumba na sebule. Choo tunachangia na mpangaji mwenzetu, na jiko letu ni kona ya korido. Sebule ni futi 10 kwa 12, chumba cha kulala hivyo hivyo. Tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka mitano. Sasa mama mkwe amehamia kwetu kutoka Korogwe. Ana presha, magoti yanamsumbua, na kliniki yake imehamishiwa huku. Hajaja kutembea, amekuja kukaa. Mama huyu amenishika vizuri tangu siku ya kwanza niliyoolewa, na nataka akae kwangu akijua hapa ni kwake.

Sebuleni kuna seti ya makochi ya 3-2-1-1, meza ya kioo katikati, shokesi na stendi ya TV. Usiku tunaibeba meza ya kioo tunaisimamisha kwenye korido, tunatandika godoro chini, mama analala hapo na wajukuu. Asubuhi akitaka kuinuka anashika mkono wa kochi la mtu mmoja, na lile kochi linateleza kwenye tailizi. Anatulia kidogo, anajaribu tena. Mimi nikiona vile roho inaniuma.

Chumbani kuna kitanda cha tano kwa sita, kabati la milango mitatu, na friji iliyokufa zamani ambayo naitumia kuwekea unga na mchele. Uvunguni kuna mashangazi kaja yaliyojaa: moja nguo za watoto zilizowabana, moja madoti ya kanga na sare za harusi za watu, jingine mashuka na mapazia ya zamani. Ndani ya shokesi kuna vyombo vya kicheni pati yangu, chupa za chai, seti za hotpoti ambazo nyingine hazijatoka kwenye boksi, glasi za wageni.

Nimeshaanza kupunguza. Nimechambua nguo zote, nimetoa viatu, vikopo, madaftari ya zamani. Nimejaza viroba na nimevigawa. Sebule iko vile vile, na godoro bado linatandikwa palepale.

Kuna jambo jingine ambalo ndilo zito. Mama amekuja na sanduku lake la bati, kinu na mchi wake, nyungo mbili na mikeka. Mume wangu alisema kinu kirudishwe Korogwe kwa basi. Mama akanyamaza. Mimi sitaki kugusa kitu chake hata kimoja bila yeye kuridhia, lakini nafasi sina. Mwenye nyumba naye hapendi kuta zake zitobolewe. Mngekuwa mimi mngeanzia wapi?

fundi_wa_keko

Mama wawili, hongera kwa kumpokea mama. Mimi ni seremala, niko Keko, na kazi yangu kubwa ni vitanda na makabati ya watu waliopanga. Chukua karatasi kwanza tupige hesabu kabla hujatoa nguo nyingine.

Sebule ya 10 kwa 12 ni futi za mraba 120. Kochi la watu watatu, haya ya siku hizi yenye mikono minene, linachukua futi 7 kwa 3, hiyo ni 21. La wawili 5 kwa 3, hiyo ni 15. Ya mtu mmoja mmoja ni 3 kwa 3, yako mawili, 18. Makochi peke yake yamefika 54. Meza ya kioo 4 kwa 2 ni 8. Shokesi na stendi ya TV kwa pamoja nakuwekea 13 na nusu. Jumla 75 na nusu. Zaidi ya nusu ya sebule imekaliwa na vitu saba, kabla hata ya kuhesabu pale mlango unapofungukia.

Ndiyo maana umegawa viroba vya nguo na hujaona tofauti. Nguo zako hazikuwa sakafuni, zilikuwa uvunguni. Sakafu imeliwa na fanicha, na fanicha ndiyo watu wanaiogopa kuigusa kwa sababu wanakumbuka walivyojinyima kuinunua. Mimi naishi kwa kuuza fanicha na bado nakwambia: seti ya 3-2-1-1 si ya sebule hii. Ningekuwa wewe ningeanza na makochi mawili ya mtu mmoja, meza ya kioo, halafu lile la watu watatu. La wawili libaki.

Pale lilipokuwa kochi la watatu weka kitanda cha futi 3 kwa 6 kilichotengenezwa kikae kama kochi mchana. Mgongoni panga mito mirefu ya sponji iliyovishwa kava, watu wanakaa vizuri kabisa. Chini yake kuwe na kitanda cha pili chenye magurudumu, cha kuvuta usiku, hicho ni cha watoto. Vipimo ninavyotumia ni hivi: cha chini, gurudumu inchi 2, fremu na chaga inchi 2, godoro inchi 5, jumla 9. Kwa hiyo cha juu nakiachia nafasi ya inchi 11 au 12 kwa chini, chaga zinakaa kwenye inchi 13, godoro la inchi 6, na mama anakaa kwenye kimo cha inchi 19. Hapo miguu inagusa chini na magoti hayakunjwi sana. Anasimama bila kushika kochi la mtu.

Rudi kwenye hesabu. Kitanda 18, kochi la wawili 15, na rafu moja badala ya shokesi na stendi ya TV kwa pamoja: upana futi 5, kina futi 1, kwenda juu futi 8. Hiyo ni 5 tu sakafuni. Jumla 38. Zinabaki 82, na usiku kitanda cha watoto kikivutwa bado una 64.

Rafu usiipe muda mrefu kichwani, ni kitu rahisi: nguzo nne za mbili kwa mbili na mbao za kulalia. TV inakaa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, vyombo juu yake, masanduku ya nguo zisizovaliwa juu kabisa. Isimame yenyewe, lakini mwombe mwenye nyumba matundu mawili tu karibu na dari ili ifungwe isije ikaanguka. Una mtoto wa miaka mitano, ataipanda tu. Mweleze mwenye nyumba hivyo hivyo, kwamba ni kwa usalama wa mtoto, na kwamba utayaziba siku ya kuhama.

Mbao: paina inatosha, ile ya Sao Hill, ikiwa kavu na imepakwa dawa ya mchwa. Mninga ni mzuri lakini bei yake weka kwenye kitanda kama mfuko unaruhusu, rafu haihitaji. Zile za mbao za unga wa kugandamiza nakushauri uziache. Nyumba za Dar zinapigwa deki kila siku, maji yanaingia miguuni, ubao unavimba na kumeguka. Na chochote utakachosimamisha ukutani kiache inchi 2 nyuma. Masika, Machi mpaka Mei, ukuta unatoa unyevu na nguo zinaota ukungu kwa nyuma bila wewe kujua.

bint_mjimkongwe

Assalaam alaykum. Fundi kasema kweli, na mie naongeza kutoka kwetu Unguja.

Nyumba zetu za mawe za Mji Mkongwe vyumba vyake vingi ni vyembamba, virefu. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukupi boriti ya kukivuka chumba kipana, basi upana unaishia kama mita mbili na nusu mpaka tatu. Wazee waliishi humo na familia kubwa. Vitu waliviweka ukutani: kuta nene za mawe na chokaa zikachimbwa vidaka, safu kwa safu, humo ndimo mnakaa sahani, vitabu, taa. Nguo kwenye kasha. Jikoni chakula kikaning'inizwa kwenye susu, mbali na panya na paka. Sakafu ikabaki ya mikeka na watu. Lamu ni hivyo hivyo. Wewe ukuta wako ni wa tofali huwezi kuuchimba, lakini hiyo rafu ya fundi ndiyo kidaka chako.

Sasa niseme kuhusu mama, maana hapo ndipo moyo wangu ulipokwama. Mwambie mumeo kinu kisiende popote. Mtu wa Korogwe anayekuja mjini na kinu chake anakuja na kisamvu chake, na anakuja akiwa na kazi ya kuwafanyia wajukuu. Ukimrudishia kinu umemwambia hapa hana kazi. Kiweke pale kona ya korido karibu na jiko, mchi ndani yake, na kitumike. Na akitokea wa kukushauri ukigeuze kigoda cha kukalia, usimsikilize, kwetu kinu hakikaliwi.

Nyungo zitundike ukutani msumari mmoja mmoja, hazili nafasi. Mikeka ikunje uisimamishe nyuma ya mlango, na hiyo ndiyo itakayokuokoa makochi yakishaondoka. Kukiwa na shughuli, wageni kumi na tano wanakaa mikekani kwa raha, wakati kwenye makochi yako yote walikuwa wanaenea saba.

Kanga. Shoga, usizigawe kwa kiroba. Zichambue mafungu matatu. Doti ambayo haijakatwa wala kupindwa ni zawadi, iweke pamoja na zenziwe kwenye rafu ya juu, ukialikwa harusi au arobaini huna haja ya kwenda dukani. Zile unazozivaa ziwe chumbani, zikunje nyembamba uzisimamishe kama vitabu, uione kila moja bila kufumua nyingine. Na zile kuukuu zilizolainika ndizo zenye thamani kuliko zote kwa mjamzito. Mtu akienda kujifungua anatakiwa awe na kanga zake, za kumpokelea mtoto, za kujifunga, na kanga mpya haishiki maji, ina wanga. Muulize jirani yeyote mwenye mimba, atazipokea kwa mikono miwili.

nesi_mstaafu

Mama wawili, mimi nimekaa wodini miaka mingi na sasa nimestaafu. Nitagusa yale yanayonitia wasiwasi kwenye maelezo yako.

Friji. Itoe wiki hii hii, usisubiri fundi wa kitanda. Mtoto wa miaka mitano akicheza kujificha anaweza kuingia humo, mlango ukajifunga na hewa ikaisha bila mtu kusikia. Leo hii kabla hujalala ng'oa mlango au uufunge kwa kamba ngumu usifunguke. Kisha umpigie fundi wa mafriji, si mtu wa vyuma chakavu. Fundi anachukua mota na vipuri vingine, na gesi iliyobaki anajua namna ya kuitoa. Mwenye vyuma chakavu anaikata kwa shoka barabarani. Unga na mchele tia kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana, zinapandana moja juu ya nyingine, na panya hawezi kuzifungua.

Mtungi wa gesi hukuutaja. Usije ukaona uvunguni pamebaki wazi ukausukumia huko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya mahali palipofungika. Mtungi unasimama wima, penye hewa, uko hapo kwenye korido na ubaki hapo.

Njia ya chooni. Mama mwenye presha anaweza kuwa anakunywa dawa zinazomwamsha usiku kukojoa, na choo chenu kiko nje ya sebule. Kitanda cha watoto kikishavutwa, pima: je, kutoka miguuni kwa mama mpaka mlangoni kuna upana wa futi 2 na nusu bila kuruka mguu wa mtoto? Kama hakuna, geuzeni kitanda sasa kikiwa kwenye karatasi. Waya wa feni usipite hapo. Taa ndogo ya kuchomeka ukutani iwake usiku kucha. Wazee wengi niliowapokea na nyonga iliyovunjika walianguka ndani ya nyumba, wengi wao usiku.

Dawa zake zikae mahali yeye anafika akiwa amekaa na mjukuu hafiki. Mbali na jiko, mbali na dirisha.

Na ile mifuko mbadala ambayo kila nyumba imerundika tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, usiitupe. Inapitisha hewa kuliko plastiki. Hifadhia mashuka na nguo za msimu humo, andika kwa kalamu ya wino mzito kilichomo, panga juu ya rafu.

bedsita_nairobi

Hujambo mama. Mimi niko Pipeline, Embakasi, bedsita moja na mke na mtoto, kwa hivyo nakuelewa. Mawili tu.

Ukiuza makochi, piga picha mchana mlango ukiwa wazi, upime na uandike vipimo, kisha tuma kwanza kwa kikundi cha jirani zako na cha wazazi wa shule. Anayeishi karibu anakuja na mkokoteni wake, hakuna wa kati wa kumlipa. Mpe bei moja uliyoridhika nayo na usimkabidhi kabla hajalipa yote.

La pili ni pazia. Mama mzee kulala sebuleni ambapo baba wa nyumba anapita saa kumi na moja asubuhi kwenda kazini si jambo dogo kwake, hata kama hasemi. Sisi tumevuta waya kutoka ukuta hadi ukuta na kuweka pazia zito. Mchana linakusanywa pembeni. Mamangu akija kututembelea anavaa na kubadilisha bila kungoja watu watoke.

mama_wawili

Nimesoma yote na nimemsomea mume wangu pia. Asanteni sana, hasa nesi. Mlango wa friji tuling'oa usiku ule ule, na fundi ameshaibeba. Pale ilipokuwa nimepanga ndoo za unga na mchele, zimechukua nusu ya ile nafasi.

Hesabu ya fundi nilimwonyesha mume wangu kwenye karatasi. Alikuwa mgumu kwenye kochi la watatu, alisema wageni wa kazini kwake watakaa wapi. Nikachukua chaki nikachora kitanda sakafuni kwa vipimo vile, na cha kuvuta pembeni yake, kisha nikamwomba asimame ndani ya michoro. Alisimama pale, akaangalia mlango, akasema basi liuzwe. Makochi ya mtu mmoja mmoja yamechukuliwa na mzazi mwenzetu wa shuleni. La watatu bado.

Kwa mama nilikwenda na maneno ya bint wa Unguja. Nilimwuliza kama atanifundisha kisamvu cha kutwanga maana watoto wamezoea cha kusaga cha sokoni. Kinu kiko kwenye korido sasa. Mpangaji mwenzetu ameshakiazima. Mama mwenyewe akafungua sanduku mbele yangu, akanionyesha vilivyomo: hati ya shamba, kanga za marehemu mama yake, picha, kitambaa alichoshona akiwa msichana. Akasema kitu anachokitaka karibu na kichwa chake usiku ni sanduku hilo, mengine yote tupange tunavyoona.

Hapo ndipo nimekwama, fundi. Uvunguni mwa kitanda chake ndimo kinakaa cha watoto. Sanduku lina urefu wa inchi 30, upana inchi 18, kimo inchi 12. Nikiliweka juu ya rafu hatafika. Nikiliweka chini itabidi ainame kila akitaka kulifungua. Na pazia nalo nalitaka. Inawezekana vyote viingie?

fundi_wa_keko

Inawezekana. Kitanda kikae kwenye ukuta wa futi 12. Kitanda ni futi 6, kwa hiyo ukuta huo unabaki na futi nyingine 6. Sanduku lako ni futi 2 na nusu. Linakaa upande wa kichwani, limepakana na kitanda, juu ya kistuli cha mbao nitakachokutengenezea hapo hapo na kitanda. Kistuli kiwe na kimo cha inchi 10. Sanduku likikaa juu yake mfuniko unafika inchi 22, juu kidogo ya godoro, anaufungua akiwa amekaa kitandani bila kuinama. Chini ya kistuli patakuwa wazi, weka ndala zake.

Juu ya sanduku pasiwekwe kitu zaidi ya kitambaa, maana kila kitakachowekwa hapo atalazimika kukihamisha. Dawa na glasi ya maji nitampigilia kibao cha inchi 8 kwenye ubao wa kichwani wa kitanda. Ukuta hauguswi.

Pazia lianzie ukutani mbele ya sanduku mpaka usawa wa miguu ya kitanda. Waya unataka ndoano mbili, kwa hiyo ukienda kwa mwenye nyumba omba matundu manne kwa mara moja, mawili ya rafu na mawili ya pazia. Cha watoto kitavutiwa nje ya pazia, na mlango ukiwa upande wa miguuni njia ya mama inabaki wazi kama nesi alivyosema.

Kabla sijakata mbao nipimie vitu vitatu: mlango wa sebule unafungukia ndani au nje na upana wake, dirisha liko futi ngapi kutoka kona, na soketi ya umeme iko ukuta gani. Kama soketi iko nyuma ya kitanda nitaacha nafasi kwenye ubao wa nyuma, taa ya usiku ichomekwe hapo.

mama_wawili

Mlango unafungukia ndani, inchi 32, uko upande wa miguuni. Soketi iko ukuta huo huo wa futi 12, karibu na pale sanduku litakapokaa. Dirisha nitalipima kesho asubuhi, mama amelala.